Tepu Isiyoazimwa

Katika karakana ile ya ushonaji kulikuwa na mwiko mmoja ambao hakuna aliyejua nani aliuweka: tepu haiazimwi. Mkasi ungeweza kuazima, chaki ungeweza kuazima, hata sindano ya cherehani ungepewa kwa masharti. Lakini tepu ya kupimia ilikaa shingoni mwa mwenyewe kutwa nzima, na fundi aliyenyoosha mkono kuigusa ya mwenzake alichapwa kikofi cha mzaha ambacho hakikuwa cha mzaha sana.

Iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa tepu ya Nyota. Nyota halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipachikwa kwa sababu katika miaka sita aliyoshona pale, hakuna nguo yake hata moja iliyowahi kurudi. Za wenzake zilirudi. Mteja akiingia na mfuko mkononi na uso umekunjamana, mafundi wote waliinamisha vichwa, kila mmoja akiomba kimoyomoyo isiwe yake. Nyota peke yake aliendelea kukanyaga cherehani.

"Wewe shoga ulizaliwa na nyota kichwani," alikuwa akimwambia fundi wa mashine ya jirani, aliyeitwa Pilipili kwa sababu ya ulimi wake. "Sisi wenzio tulizaliwa na mba."

Watu wakacheka, na Nyota akacheka nao, lakini rohoni alikuwa anaamini. Aliamini bahati yake imo kwenye ile tepu. Ilikuwa ya marehemu mama yake, ambaye naye alishona katika karakana hiyo hiyo. Baada ya maziko, wakati ndugu wanagawana vyombo na kanga, Nyota alikuta kwenye kona ya chumba bunda la vitambaa vilivyobaki, limefungwa kwa tepu ya kitambaa, ya zamani, namba zake zimeanza kufifia. Akaifungua, akaivaa shingoni. Alijua mama ndiye aliyemwachia.

Tangu siku hiyo aliitunza kama mtoto mchanga. Kila Jumamosi jioni aliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaikamua, akaining'iniza kwenye msumari wa dirishani na kuifunga mkasi mzito upande wa chini ili ikauke imenyooka, isijikunje. Wifi yake, mke wa kaka yake ambaye Nyota aliishi kwao, alizoea kusema kwamba tepu hiyo inaogeshwa vizuri kuliko watoto wa nyumba ile. Nyota alimwacha aseme. Mtu mwenye kitu hawezi kumweleza asiye nacho.

Mtu pekee katika karakana aliyewahi kuisema vibaya tepu hiyo alikuwa Mama Pasi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ina alama za kuungua hapa na pale, na kazi yake ilikuwa kupokea kila nguo iliyokwisha kushonwa, kukata nyuzi zinazoning'inia, kutia vifungo, kupiga pasi na kukunja. Yeye ndiye aliyekaa na ufunguo wa karakana. Alifika saa nzima kabla ya wengine, akafungua madirisha, akafagia, akapasha pasi zake moto. Siku moja, zamani kidogo, alimwambia Nyota kwa sauti ya chini kwamba tepu hiyo imezeeka, anunue nyingine. Nyota alinuna miezi mitatu. Alijisemea kuwa hata huyu mama anayeshinda na mvuke ana kijicho, na tangu hapo alimpa nguo zake bila kumtazama usoni.

Sasa mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri ingawa kandambili zake zilikuwa zimeungwa kwa waya, alikuwa amepata chumba cha duka la pili upande wa pili wa mji. Alihitaji fundi wa kulisimamia. Wakati huo huo hospitali ikaagiza sare ishirini na nne za wauguzi. Tajiri alikwenda mwenyewe kuwapima, akaandika vipimo kwenye daftari kubwa, akalileta na kuliweka mbele ya Nyota. Alimwambia kazi yote ni yake peke yake, kuanzia kukata mpaka kushona, na sare hizo zikikubaliwa, duka jipya atalisimamia yeye.

Nyota hakulala vizuri. Alijiona amesimama mlangoni pa duka lake, mafundi wanne ndani wanamwita dada mkubwa, hatoi tena godoro sebuleni kwa wifi kila asubuhi ili wageni wapate pa kukaa. Kesho yake alikata sare ya kwanza, ya mkubwa wa wauguzi, akaishona mpaka jioni, akampa Mama Pasi.

Asubuhi iliyofuata, hamu ikamwamsha mapema. Alifika karakana jua ndiyo kwanza linagusa mabati. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma, akaingia, akasimama pale pale kama aliyepigwa msumari miguuni.

Mama Pasi alikuwa amekaa kwenye cherehani ya akiba, ile ya kona ambayo hakuna mtu aliyeitumia. Mapajani mwake kulikuwa na sare ya mkubwa wa wauguzi, imegeuzwa ndani nje. Mkono wa kulia ulishika wembe. Alikuwa anafumua ubavu wa nguo, uzi baada ya uzi, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Nyota alitaka kupiga kelele. Kilichomtoka ni sauti ndogo, karibu kama ya kuomba.

"Mama Pasi, unanifanyia nini?"

Yule mama alishtuka, wembe ukamkata kidole. Akakiweka mdomoni. Hakusema kitu. Na ukimya ule ndio uliomwashia Nyota moto, maana mtu asiye na hatia, alijisemea, husema.

Wengine walipofika walikuta machozi, maneno na sare katikati ya meza. Pilipili alikuwa wa kwanza kusema kwamba sasa wamejua kwa nini nguo zao wao zinarudi. Huenda mwaka mzima wanafumuliwa. Kila fundi akakumbuka gauni lake lililofumuka, suruali yake iliyoachia, na makosa ya miaka yote yakapata mwenyewe asubuhi moja. Mama Pasi alisema neno moja tu. Alisema daftari lipo, wapime.

Tajiri aliingia haraka, mteja anamngoja mbele na tepu yake ameiacha huko juu ya kaunta. Akanyoosha mkono aletewe yoyote. Mafundi wakatazamana. Ndipo Nyota akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaivua tepu ya mama yake shingoni, akampa. Kwa karakana nzima ikawa kama ameapa.

Ubavu mmoja ulikuwa bado haujaguswa na wembe. Huo mwingine Mama Pasi alikuwa ameshaushona upya, kwa ndani zaidi, kisha akaamua kuufumua tena aunyooshe. Tajiri aliushikiza kwa pini pale pale kwenye matundu ya mshono mpya, akakunja na wa pili kadiri hiyo hiyo ili aone Mama Pasi alitaka kuifikisha wapi, akapima kifua. Daftari lilisema thelathini na sita. Tepu ikasema thelathini na nne na nusu.

Akapima mara ya pili. Ikasema vile vile.

"Umri wote huu," Tajiri alimwambia Mama Pasi, "unamharibia mtoto wa mwenzio aliyekwisha kufa."

Mama Pasi aliitazama ile tepu mkononi mwa Tajiri, akamtazama Nyota, akafungua mdomo, akaufunga. Akafunga kidole chake kwa kipande cha kitambaa, akauweka ufunguo juu ya meza ya pasi, akachukua mwavuli wake na kutoka. Miguu yake ilikuwa inakosea hatua kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Siku ile Nyota alirudisha mshono mahali pake, akapima kwa tepu yake, ikasoma thelathini na sita kamili. Moyo ukatulia. Akashona sare nyingine ishirini na tatu kwa siku tisa. Pilipili akapewa kazi ya pasi, akalalamika kwamba mvuke unamharibia nywele, na sare zikapelekwa hospitali zimekunjwa vizuri ndani ya maboksi mawili.

Zilirudi siku ya pili, saa nne asubuhi.

Hazikurudi kwenye maboksi. Zilirudi mwilini. Mkubwa wa wauguzi aliingia mbele na wenzake watatu, wote wamevaa, mabega yameteremka mpaka kwenye misuli ya mikono, viuno vinaelea, mapindo yanapiga chini ya vigimbi, na zile ishirini nyingine wamezibeba mikononi. Alisimama katikati ya karakana akageuka polepole ili waone vizuri. Hakufoka. Aliuliza kwa upole kama walielewa kwamba kila muuguzi amepimwa peke yake, au walidhani atakuwa anaingia humo na mgonjwa wake.

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Tajiri alibaki ameshika kaunta. Nyota alisikia masikio yanavuma. Alijua kile kilichokuwa mbele yake kwa sababu alikuwa amewaona wenzake wakipatwa nacho miaka sita, ila hakujua kwamba kinauma namna ile. Zote ishirini na nne. Hakuna hata moja iliyokaa.

Wauguzi walivua, wakatoa muda mpaka Ijumaa, wakaondoka. Tajiri hakumgombeza. Alisema tu kwamba habari ya duka jipya wataizungumza siku nyingine, na jinsi alivyosema, Nyota alijua siku hiyo haipo. Alizichukua sare, akazipima moja moja kwa tepu yake. Kifua sawa. Kiuno sawa. Urefu sawa na daftari, nukta kwa nukta. Akapima tena. Nguo iko sawa, na haimkai mtu hata mmoja. Kitu cha namna hiyo akili yake haikuwa na pa kukiweka, isipokuwa mahali pamoja: yule mama ameondoka na bahati yake.

Alimweleza wifi yake mchana ule. Wifi, aliyekuwa anafua, alimwambia kama mtu amechukua kitu chako nenda kakidai, kukaa hapa na kunililia kwenye beseni ni kuniongezea maji tu.

Basi akaenda. Alibeba sare moja kwenye mfuko, tepu shingoni. Mama Pasi alikaa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, mlango wa pazia la maua. Nyota alibisha hodi, akasema shikamoo kwa sauti iliyokatika. Akaitikiwa marahaba, karibu mwanangu, kama vile hakuna lililotokea, na hilo likamtia hofu zaidi. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi mashuka ya watu juu ya meza. Kidole chake bado kilikuwa na kovu jekundu.

Nyota alikuwa amepanga maneno makali njiani. Yalipofika mdomoni yakawa mengine. Alisema sare zimerudi, zote. Alisema anaomba radhi kama alikosea, lakini kama kuna kitu yule mama amekifanya, akifungue, amrudishie nyota yake, kwa sababu hana kingine duniani.

Mama Pasi aliisimamisha pasi wima.

"Ulikuwa unafikiri ni nyota?" aliuliza. Hakuwa anakejeli. Alionekana ameshtuka kweli.

Akafungua droo, akatoa tepu yake mwenyewe, ya plastiki, mpya. Akamwomba Nyota ile ya shingoni. Nyota alisita, akaivua. Mama Pasi akalaza tepu mbili juu ya shuka jeupe, ubavu kwa ubavu, vichwa vyake vimelingana, akaweka kidole kwenye mwanzo na kuzinyoosha kwa kiganja mpaka mwisho.

Kumi na kumi zilikuwa karibu sawa. Ishirini ya Nyota ilikuwa imetangulia ishirini ya mwenziwe. Arobaini ilikuwa imekwenda mbali. Na tepu ya plastiki ilipofika sitini ikaisha, ile ya kitambaa iliendelea kutambaa peke yake juu ya shuka, inchi moja, mbili, karibu tatu.

Nyota aliinama. Akagusa pale ilipoishia ya plastiki, akagusa pale ilipoishia ya kwake. Aliona kila Jumamosi ya miaka sita: maji ya uvuguvugu, msumari wa dirisha, mkasi mzito unaning'inia na kuivuta usiku kucha.

"Nilikuambia imezeeka," Mama Pasi alisema. "Ukaninunia. Na siku ile ulipoivua ukampa Tajiri anipimie nayo, nikajua nimekwisha. Ningesema nini mbele za watu? Kwamba tepu ya marehemu ndiyo mwongo?"

Nyota aliuliza ni nguo ngapi alizozipunguza.

"Zote."

"Zote?"

"Ukiacha mapazia."

Nyota akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Magauni ya maharusi. Suti ya mchungaji. Sare za shule, mamia. Aliona kila moja imegeuzwa ndani nje mapajani mwa mwanamke huyu, saa moja kabla ya watu kufika, kwenye cherehani ya kona ambayo hakuna aliyeitumia. Akauliza kwa nini. Alikuwa anangoja kusikia kwamba ni kwa ajili ya mapenzi, au urafiki na mama yake, kitu ambacho angeweza kukililia.

"Nguo ikirudi, nani anaipiga pasi tena?" Mama Pasi alisema. "Kufumua na kushona ubavu ni dakika chache. Gauni lenye marinda kulipiga pasi mara ya pili ni asubuhi nzima. Nilikuwa najipunguzia kazi, mwanangu. Zile za wenzio zilikuwa zimebana, na nguo iliyobana haina pa kuitanulia. Zako zilikuwa zinapunguzika." Akairudisha tepu yake kwenye droo. "Na mara ya kwanza ulikuwa mgeni, umefiwa juzi. Sikutaka uanze na aibu. Baada ya hapo ikawa mazoea."

Nyota aliikunja tepu. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeshika ukuta, kwamba hata hivyo ni tepu ya mama yake, mama ndiye aliyemwachia.

Hapo Mama Pasi alifunga macho, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mama yako alinunua tepu mpya kila mwaka," alisema. "Nilikaa naye meza moja. Ikivutika kidogo tu, haipimii tena. Hiyo alikuwa anafungia vitambaa."

Pasi ilitoa mlio mdogo, taa yake nyekundu ikawaka, ikazima.

Mama Pasi hakujitolea kusaidia, na Nyota hakuthubutu kumwomba. Lakini akiwa njiani kurudi aliona wazi kwamba njia ya kuokoka ipo, na ni nyepesi mno. Siku mbili zimebaki. Anunue tepu ya plastiki leo, apunguze sare zote mwenyewe, aseme alikosea kusoma daftari kwa uchovu. Tajiri angepoa. Duka lingeweza kurudi. Mama Pasi hangesema, alikuwa amenyamaza miaka sita. Wazo hilo lilimfuata mpaka nyumbani, likakaa naye mezani, likalala naye kwenye godoro la sebuleni. Kilichomtisha ni jinsi lilivyokuwa na sura ya bahati.

Asubuhi alifika karakana wote wakiwa wamekaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Tajiri, akamwomba ile tepu yake ya kaunta. Kwa uso alioenda nao, akapewa. Akazilaza mbili juu ya meza ya kukatia, vichwa vimelingana, akazinyoosha. Hakueleza. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, mafundi wakasogea, wakainama. Pilipili akasoma namba kwa sauti, akafika sitini, akaziba mdomo kwa mkono. Tajiri aliangalia ule mkia wa inchi tatu kasoro, akautazama mkono wake wa kulia, ule aliopimia siku ile, kama si wake.

Ndipo Nyota akasema. Alisema nguo zake zote za miaka sita zilikuwa kubwa, na aliyezifanya zikae ni yule waliyemfukuza.

Tajiri alitoka bila kuvaa kandambili vizuri. Alirudi na Mama Pasi kabla ya saa sita. Hakuna aliyejua alimwambia nini kule chumbani, ila Mama Pasi alipewa ufunguo wa karakana na mwingine mpya, unaong'aa, juu yake. Duka la pili atalisimamia yeye, kwa sababu mtu anayeweza kuziona nguo za mafundi sita kabla hazijatoka mlangoni ndiye anayetakiwa mlangoni. Mama Pasi alizitazama funguo hizo kwa mashaka, akaziweka mfukoni, akauliza hizo sare ziko wapi.

Walizipunguza pamoja, Nyota akifumua kwa wembe, Mama Pasi akishona. Ubavu wa kwanza Nyota alichana kitambaa. Wa pili pia. Ilipofika sare ya tano ndipo alipoelewa uzito wa zile dakika chache. Tepu ya kitambaa ilikuwa imefunga mabaki ya khaki chini ya meza.

Pilipili alikuwa anawaangalia kutoka kwenye mashine yake, mguu umesimama kwenye pedeli. Hatimaye akamwinamia Nyota, akamnong'oneza kwa uchungu wa kweli.

"Lakini huyu mama ana bahati, shoga. Kafukuzwa na ufunguo mmoja, karudi na mbili."

Nyota alishtuka, wembe ukiwa bado mkononi. Si kwa maneno yale. Alishtuka kwa sababu kichwa chake, chenyewe, kilikuwa kimeshaanza kuitikia.